Ng'ombe Wawili Mezani

Kukaa kitako mimi sijui. Wenzangu wa soko la samaki pale Homa Bay watakuambia, Filister akiketi dakika tano ujue ana homa. Sasa wiki ile ya mahari ya mdogo wangu ndiyo hata kulala sikulala, kwa sababu nilikuwa nimefunga elfu tisini za watu kiunoni, ndani ya leso, na kila aliyenipita karibu nilimwona mwizi. Mama alikuwa ameuza mbuzi wake. Wajomba walichanga. Mimi nilitoa pesa ya omena, dagaa ninazouza. Zote pamoja zilikuwa bei ya ng'ombe wawili, na ng'ombe wawili ndio walikuwa wamebaki.

Mdogo wangu ni Cephas, mvuvi. Sisi ni watu wa Kisegi. Alimpenda msichana Mkuria, Rael, fundi wa nguo, binti wa mzee Gisiri wa Kegonga. Wakakaa pamoja Kisegi karibu mwaka. Sisi nyumbani ni Dholuo, wao ni Kikuria, kwa hiyo wale wawili mapenzi yao yote yalikuwa ya Kiswahili, hata wakigombana wanagombana kwa Kiswahili, majirani wote wanasikia na kuelewa. Basi mzee Gisiri akachoka kungojea. Akaja mwenyewe, akamchukua binti yake, akasema pale uani kwa mama: "Ng'ombe sita. Jumamosi ya mwisho wa mwezi wakiwa bomani kwangu, mtamchukua. Wasipokuwa, kuna mtu wa lori amekuja kuuliza, na yeye hana maneno mengi." Akaondoka bila kunywa chai. Yaani ilikuwa hivyo tu: ng'ombe sita, ama Rael aende kwa mtu wa lori.

Wanne tulikuwa tumeshanunua. Walikuwa Uriri, kwa Elkana, mshenga wetu, mkulima wa miwa, mtu wa polepole mpaka unatamani umsukume. Jumatano nikapeleka pesa za wale wawili.

Nilipofika niliwakuta kwenye sebule ya Elkana, watatu, wameinama juu ya stuli kama wanatibu kuku. Cephas, Elkana, na Nchagwa. Nchagwa ni ndugu yake Rael, baba mmoja mama mmoja, kijana wa kuchimba dhahabu kule Macalder, mikono imepasuka yote. Juu ya stuli palikuwa na karata na mahindi. Punje za mahindi, na gunia lenyewe limefunguliwa pembeni.

"Mnafanya nini?" nikauliza.

"Tunapima mifumo, Dada," Cephas akasema bila kuinua kichwa.

"Mifumo ya nini?"

"Ya kuongeza dau."

Yawa! Nikasimama pale na vumbi langu la safari, sijapewa hata maji, nikafunzwa kamari. Mchezo wenyewe ni wa kasino, wameujulia kwenye simu. Karata zinagawiwa pande mbili. Upande mmoja unaitwa Mchezaji, mwingine Benki. Wewe unakisia upande gani utakaribia tisa, unaweka pesa yako hapo, basi. Mtoto mdogo anaweza. Ubishi wao ulikuwa ni kiasi gani uweke mara ya pili.

Nchagwa alisema ukikosa, weka mara mbili. Ukikosa tena, mara mbili ya hiyo. "Siku utakayopata, moja tu, inarudisha zote na faida juu. Ni kama shimo, shemeji. Umechimba wiki, hakuna kitu. Mjinga anatoka. Mwenye akili anaongeza vijana, anaongeza baruti, kwa sababu kila futi umechimba bure imekusogeza karibu na mkanda wa dhahabu."

Cephas akakataa. Yeye alisema ukikosa, tulia, weka kidogo. Ukipata, hapo ndipo uongeze. Ukipata mara tatu zikifuatana, beba zako, anza upya na kidogo. "Ziwa ni hivyo. Usiku wavu ukitoka mtupu, huongezi nyavu, utapoteza mafuta bure. Ukikuta samaki wamejaa ndiyo unaita mashua zote."

"Mimi naona," Elkana akasema, na sisi wote tukangoja, maana Elkana akianza kuona unaweza kwenda kuchota maji ukarudi, "mimi naona ukikosa uongeze moja tu. Ukipata, upunguze moja. Polepole."

Wakamcheka. Nchagwa akagawa karata, na haki ya Mungu, kila mara ni mfumo wake ulioshinda. Alikosa, akachota. Akakosa, akachota. Akapata, rundo lote likarudi kwake. Alikuwa anachota tu gunia la Elkana, na gunia halikuwa linauliza swali.

"Shimo lina dhahabu ndani, ziwa lina samaki ndani," nikawaambia. "Karata ina nini ndani? Inachanganywa, inaanza upya. Haijui kama jana ulilala njaa."

"Ni mchezo tu, shemeji," Nchagwa akaniambia, na akanicheka kwa meno yake mazuri. "Tunangojea mnada."

Kesho yake ndiyo ilikuwa mnada, na Nchagwa ndiye aliyejua ng'ombe. Sisi watu wa samaki tungeuziwa punda. Kwa hiyo nikafungua leso, nikahesabu mbele ya Elkana, nikamkabidhi Cephas. Nikamwambia, "Hii ni mama." Akasema, "Najua, Dada." Nikalala hapo kwa Elkana. Nasema kulala, lakini nilikuwa nageuka tu kitandani kama chapati.

Asubuhi walikuwa wametoka. Mpaka saa tano hakuna simu. Nikafagia uwanja wa mke wa Elkana, nikafagia tena. Nikaenda kutazama wale wanne zizini, nikawahesabu kana kwamba wangezaa. Saa saba nikamwambia Elkana apigie dalali wa mnada anayemjua. Akapiga. Dalali akasema kijana Mkuria na kijana Mjaluo? Hapana, hakuwaona.

Sikumngoja Elkana amalize kushangaa. Nilipanda bodaboda mpaka Migori mjini, moja kwa moja kasino, na yule kijana wa boda nilimpigia kelele njia nzima mpaka akaniuliza kama naenda kujifungua.

Kasino ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Nje jua kali, ndani ni taa na baridi, dirisha hakuna, hujui ni mchana ama nini. Nilikuwa na viatu vya plastiki na harufu ya samaki ambayo haiishi hata uoge na limau. Askari wa mlango akanitazama. Nikamwambia natafuta wadogo wangu, akaniachia.

Walikuwa meza ya katikati, wamekaa bega kwa bega. Mbele yao msichana wa kugawa karata, nadhifu, kifuani ameandikwa Edith. Nikasimama nyuma yao. Na nilichoona nitakueleza, lakini usinicheke, kwa sababu mimi sijacheka mpaka leo.

Walikuwa wamegawana zile pesa nusu kwa nusu, ng'ombe mmoja kila mtu, ili wapime mfumo wa nani ni mzuri. Nchagwa anaweka Benki. Cephas anaweka Mchezaji. Meza moja, karata zile zile! Mmoja akipata, mwingine amekosa. Ng'ombe wa mama anapigana na ng'ombe wa wajomba, na mwenye kasino anakaa pembeni, kila Benki ikishinda anakata kidogo yake.

"Cephas," nikasema.

Akaruka. "Dada! Ngoja. Ngoja kidogo. Nashinda."

Na kweli alikuwa anashinda. Upande wa Mchezaji ulikuwa umetoka mara tano mfululizo. Yeye alikuwa ameongeza, akabeba, akaanza tena, akaongeza, na mbele yake vile vidude vya plastiki vya rangi wanavyotumia badala ya pesa vilikuwa vimepanda kama sahani za harusi. Na kwa hizo hizo mara tano, Nchagwa alikuwa amekosa. Alianza na mia tano tu. Mia tano, elfu, elfu mbili, nne, nane. Sasa alikuwa anasukuma kumi na sita, na jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile.

Edith akagawa. Mchezaji.

Cephas akapiga meza kwa furaha. Nikahesabu haraka, kuhesabu ni kazi yangu. Walichobaki nacho wote wawili, ukijumlisha, kilikuwa laki moja na mia tano. Ng'ombe wawili, na chenji ya kumnunulia mzee Gisiri blanketi.

"Simameni," nikasema. "Mungu amewahurumia. Simameni twende, mnada haujafungwa."

Cephas alishaanza kukusanya. Nakuapia, alishaanza kukusanya. Ndipo Nchagwa akamshika mkono.

"Shemeji. Sasa ni zamu ya thelathini na mbili."

"Hapana, kaka," Edith akasema kwa upole. "Meza hii mwisho ni elfu thelathini." Akaonyesha kibao kidogo hapo mezani. Kilikuwa kimesimama hapo tangu asubuhi.

Nchagwa akakitazama kile kibao kama mtu aliyeambiwa gunia la mahindi lina sakafu. Kule kwa Elkana hakukuwa na mwisho. Na tena, yeye mwenyewe alikuwa amebaki na elfu kumi na tatu na nusu tu. Akafikiri. Unaweza kuona mtu akifikiri upuuzi, uso unang'aa.

"Mwisho ni wa kila mtu, sivyo?" akauliza. Edith akakubali. "Basi wewe Cephas niwekee thelathini Benki, mimi naweka mbili. Zinakuwa thelathini na mbili. Mfumo haujavunjika."

"Lakini mimi niko Mchezaji," Cephas akasema.

"Imekosa mara sita, shemeji. Mwamba umeshalainika. Mtu anatoka shimoni sasa?"

"Atoke!" nikasema. "Atoke na shimo limfuate! Cephas, chukua hivyo vitu twende."

Cephas akanitazama, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu macho yake yalikuwa ya mtu aliyekaa kwa wakwe. Kwetu sisi mkwe ni mkwe. Huli mbele yake ukashiba, humpiti njiani bila kusimama, na ndugu wa mke akikuomba kitu mahari haijaisha, unatoa kwanza, unauliza baadaye. Na kwa Wakuria kuna jambo la juu zaidi. Kila msichana ana ndugu yake aliyefungwa naye. Ng'ombe wanaoletwa kwa dada ndio ndugu anaoa nao. Rael na Nchagwa walikuwa wamefungwa hivyo tangu utotoni. Nchagwa alikuwa na msichana wake, Dorah, na wazazi wa Dorah walitaka wanane. Wa Rael walikuwa sita. Sasa umeelewa kwa nini alimleta mdogo wangu kasino badala ya mnada. Alitaka wawili wazae wawili.

"Ng'ombe zenyewe ni zangu," Nchagwa akasema polepole. "Zikitoka kwako zinakuja kwangu. Nakuomba kama mwenye ng'ombe. Weka."

"Dada," Cephas akaninong'oneza, "nikimnyima leo, Jumamosi nitaingiaje kwao?"

Akaweka.

Ikatoka Mchezaji. Nikaona elfu thelathini inavutwa na kile kijiti chao kama makombo. Wakaweka tena, thelathini ya Cephas, na Nchagwa akamwaga zote alizobaki nazo. Nilikuwa nazunguka ile meza, sijui nilikuwa naomba ama natukana. Ikatoka Benki! Nchagwa akainuka akapiga yowe la Kikuria, akanikumbatia na harufu yangu ya samaki. Nikajumlisha. Laki moja na ushee. Tumerudi palepale. Mungu ana huruma ya ajabu, anampa mjinga mlango mara ya pili.

"Haya sasa," nikasema. "Nchagwa, kaka yangu, umeshinda. Mfumo wako ni mzuri, wa Cephas ni mzuri, wa Elkana ndio kabisa. Twendeni."

"Bado sijarudisha zote. Halafu ndiyo mkanda umeonekana, shemeji, mtu anatoka mkanda ukionekana?"

Akikosa anaongeza kwa sababu amekaribia, akipata anaongeza kwa sababu amefika. Huo ndio mfumo. Tamaa tu, imevaa shati la hesabu! Hasira ikanipanda mpaka masikio yakaziba. Nikatandaza leso yangu, nikavifagia vile vidude vya Cephas vyote ndani, nikafunga.

Edith akainua mkono. Askari alikuwa ameshafika, akaniambia, "Mama, huwezi kushika mali ya mteja."

"Mteja ni mdogo wangu! Pesa ni ya mama yetu! Cephas, mwambie. Mwambie ni zangu."

Cephas akanitazama mimi, akamtazama Nchagwa. Alikuwa karibu kulia, mtoto yule.

"Ni zangu," akamwambia askari.

Nikafungua leso mwenyewe, nikamwaga, nikashuka ngazi. Nilisimama mbele ya duka la magodoro, nikaenda mpaka kona, nikarudi, nikaenda tena. Muuza magodoro akaniambia, "Mama, keti hapa, ni bure." Nikamwambia aketi yeye. Jua lilipoanza kulegea wakateremka. Sikuuliza. Mtu aliyebaki na kitu anashuka ngazi akiangalia mbele. Hawa walikuwa wanaangalia viatu.

Jumamosi tukaenda Kegonga na ng'ombe wanne. Ungefanyaje? Kutokwenda ni tusi kubwa zaidi. Elkana njia nzima alikuwa anatunga hotuba. Nchagwa alikuwa ametangulia nyumbani kwao, na sisi tukiingia alikuwa amesimama karibu na zizi, hataki kututazama.

Mzee Gisiri ni mfupi, amekauka, anaongea kama analipia maneno. Alizunguka wale wanne, akamshika mmoja pembe, akamfungua mwingine mdomo. Rael alikuwa mlangoni mwa nyumba ya mama yake, amesuka nywele, mikono ameiweka kifuani. Naye alikuwa amewahesabu. Nikamwona anahesabu tena.

"Wengine wawili wako wapi?" mzee akauliza.

Elkana akakohoa. "Mzee wetu, kama unavyojua, upande wa Uriri kumekuwa na mambo ya ugonjwa wa kwato, na watu wa mifugo wanasema..."

Nilikuwa nimeapa kwa mama kwamba nitafunga mdomo. Mimi ni dada wa bwana harusi, kazi yangu siku ile ilikuwa kukaa na wanawake na kupokea uji. Nilivumilia mpaka "wanasema". Hapo nikaona Cephas ameinamisha shingo tayari kubeba, na Nchagwa pale zizini amekaa kimya tayari kubebwa, na damu ikanichemka.

"Hakuna ugonjwa wa kwato!" nikasema. "Ng'ombe wameliwa kwenye karata, mzee. Migori mjini, juu ya duka la magodoro. Muulize mwanao!"

Elkana alifunga macho. Mama yake Rael akashika mdomo. Mzee Gisiri hakunitazama hata. Alimgeukia Nchagwa, wakaongea Kikuria maneno mawili matatu, halafu akasema, "Sema Kiswahili. Wageni wasikie."

"Tulienda wote wawili," Nchagwa akasema.

"Nani alikuwa na pesa mkononi?"

"Cephas."

"Nani alisema ziwekwe?"

"Mimi."

"Yeye alitaka kutoka?"

Nchagwa akaanza kukwangua mti wa zizi kwa kucha.

"Alitaka kutoka," nikasema.

"Sikukuuliza wewe, mama. Nchagwa. Ulipomwambia aweke, ulimwambia kama nani? Kama rafiki?"

Nchagwa aliangalia ng'ombe wanne, akaangalia dada yake. Nafikiri alijua tayari. Lakini alikuwa ameulizwa na baba yake mbele ya watu, na hilo nitamsifu nalo, hakudanganya. "Kama mwenye ng'ombe," akasema.

Mzee Gisiri akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Basi wamefika," akasema. "Hapa kwetu ng'ombe wa dada ni wa ndugu yake. Mwenye ng'ombe akiwapokea, wamepokewa. Akiwala njiani kabla hawajafika zizini, hilo ni tumbo lake. Nimepata sita. Wanne ninawaona, wawili amekula mwanangu." Akampiga Cephas begani. "Mahari yako imeisha, mkwe."

Sikuamini. Cephas alipiga magoti hapo kwenye mavi ya ng'ombe. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikapiga mpaka koo likauma. Ni Nchagwa peke yake ambaye hakusogea. Ng'ombe wanne hawamwoi Dorah. Alishika mti wa zizi kwa ile mikono yake iliyopasuka, akatoka kwa mlango wa nyuma, na hakurudi kula. Nilimchukia tangu Alhamisi, lakini wakati ule nilimhurumia, kusema kweli nilimhurumia sana.

Tulipokuwa tunaaga, mzee akamwita Rael mbele yetu. "Umelipiwa," akamwambia. "Hapa kwangu sasa utakuja kama mgeni. Ukigombana na bwanako usinijie na mfuko, sina ng'ombe wa kurudisha." Rael akasema, "Nimesikia, baba." Alikuwa anacheka na machozi, anamtazama Cephas.

Elkana alibaki na wazee. Sisi watatu tukatembea kuelekea stendi, mimi mbele kama kawaida yangu, wao nyuma wameshikana mikono, mfuko wa Rael kwa bega la Cephas. Nilikuwa napanga jinsi ya kumweleza mama. Moyo wangu kwa mara ya kwanza wiki nzima ulikuwa umetua kidogo.

"Unajua, Rael," nikamsikia Cephas nyuma yangu, "wangu ndio ulikuwa unashinda."

"Wako nini?"

"Mfumo. Muulize Dada, aliona kwa macho yake. Nilikuwa nimeshapata bei ya ng'ombe mzima juu ya yangu. Ni Nchagwa aliyeharibu na kuchimba kwake. Mtu akienda peke yake, bila mtu wa kumsumbua, akifuata tu, akipata tatu anabeba..." Sauti ilikuwa changamfu, ya mtu anayeeleza habari njema. "Jumatatu nikiuza samaki, nikichukua hata elfu tano tu, narudisha mbuzi wa mama. Narudisha na za wajomba. Halafu cherehani yako ile mbovu..."

Nikageuka. Rael alikuwa amesimama katikati ya barabara. Ameuachia mkono wa Cephas.

"Umesema Jumatatu?"

"Elfu tano tu, mpenzi. Mfumo wangu hauhitaji nyingi."

Alimtazama mdogo wangu muda mrefu, anamtafuta yule aliyemjua Kisegi. Kisha akageuza shingo akatazama kule tulikotoka. Boma la baba yake lilikuwa linaonekana bado, moshi wa sherehe unapanda.

"Baba amesema nimelipiwa," akasema. Hakuwa anamwambia Cephas. Alikuwa ananiambia mimi. "Dada, sasa mimi nirudi wapi?"

Na mimi nilitaka kupiga mtu. Nilitaka kumrukia Cephas nimchape kama zamani alipokuwa mdogo akiiba sukari, hapo hapo barabarani, watu waone. Badala yake nilimvua ule mfuko begani, nikaujitwika kichwani, nikamshika Rael mkono.

"Kwangu," nikasema. "Homa Bay. Kitanda kipo, na cherehani tutatafuta."

"Dada Fili!" Cephas akaita. "Huyo ni mke wangu! Nimemlipia!"

Tulikuwa tumeshaanza kutembea, na mimi nikianza kutembea sisimami. Nilimjibu bila kugeuka, kwa sauti ambayo nina hakika mzee Gisiri aliisikia kule zizini.

"Ukimtaka, njoo uombe kwangu! Na uje na ng'ombe wawili. Mimi sina kijana wa kuwala njiani."